UZI: Misemo, vijembe na mizaha ya L'shi – tutafute asili bila kudanganyana

Fundi_wa_Fishi (mfungua uzi)

Jambo yenu wote. Kwenye simu zetu maelezo ya "asili" ya misemo ya Lubumbashi (L'shi) yanazunguka kila siku, na mengi yanapingana. Tuyapime hapa. Mimi naanza na kanuni moja: kabla ya kuuliza nani alisema kwanza, tazama majina yaliyo ndani ya msemo. Jina la kampuni, la mji, la jimbo au la pesa lina mwaka wake wa kuzaliwa, na msemo hauwezi kuwa mkubwa kuliko jina uliolibeba.

Miaka ya kuweka kichwani ni hii. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilianzishwa 1906. Serikali ikachukua mali yake mwanzoni mwa 1967, ikawa Gécomin, na mwanzo wa miaka ya 1970 ikawa Gécamines. Élisabethville ni mji wa 1910, jina Lubumbashi likaja rasmi 1966. Jimbo liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, likarudia Katanga, na 2015 likakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Reli ilikuwa BCK enzi za Wabelgiji, SNCC tangu 1974. Pesa ya zaire ilianza 1967, faranga ya Kongo ikarudi 1998.

Tujaribu na msemo ambao kila mtu wa hapa anaujua: "Gécamines njo baba, njo mama" (njo ni "ndiyo"). Wengi wanasema ni wa mababu wa miaka ya 1930. Kwa sura hiyo haiwezekani, jina lenyewe halikuwepo. Lakini iko sura nyingine, "kazi njo baba, kazi njo mama", isiyotaja kampuni yoyote, na hiyo inaweza kurudi nyuma sana. Wazo ni la zamani, nguo ni mpya. Ugomvi mwingi unatoka hapo: mmoja anatetea wazo, mwingine anatetea nguo, na kila mmoja ana haki upande wake.

Wazo lenyewe lina sababu. Mwanzoni watu waliletwa kwenye mashimo kwa mikataba mifupi, wakimaliza wanarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ikageuza siasa: mkataba wa miaka 3, mtu akaja na mke wake, akapewa nyumba kambini, hospitali, shule ya watoto, na mposho wa unga, maharagwe, samaki au nyama, mafuta na chumvi. Anayekulisha, anayekutibu na anayekusomeshea mtoto, nyumbani anaitwa nani? Na baba huyo alikuwa na amri zake pia: nani alale kambini, nani asilale, nyumba ifagiliwe namna gani. Ukilisahau hilo utausoma msemo kama sifa tupu, na sivyo ulivyo.

Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, uzalishaji ukaanguka, na 2003 wafanyakazi 10,655 wakatolewa kwa ile operesheni ya "départs volontaires". Tangu hapo msemo uleule unasemwa na sauti nyingine, sauti ya watoto walioachwa. Maneno hayakubadilika hata moja.

Mwana_wa_Kenya 

Yaya, asante sana. (Kwa benye hawaishi hapa: Kenya yetu ni komini ya L'shi, hapana inchi ya Kenya.) Nongeze kidogo juu ya mposho. Ile ration ilikuwa inatolewa kila juma, njo maana kwa Kilingala "mposo" inamaanisha juma zima mpaka leo. Neno lilitoka kwa chakula, likaenda kwa siku. Mutu akikuambia "tutaonana mposo ingine", anahesabu bado na kalenda ya kampuni, hata kama hajui.

Sasa swali: "Lubumbashi wantanshi". Bamoja banasema ni Kiswahili, bengine banasema Kiluba. Njo lugha gani?

Mukuba 

Si Kiswahili. Likate neno vipande, halafu uulize kila kipande kinaishi peke yake katika lugha gani. "Wa" inatupoteza kwa sababu iko kila mahali. Lakini "ntanshi" katika Kiswahili haiishi. Katika Kibemba inaishi vizuri: ntanshi ni mbele, wantanshi ni wa mbele, wa kwanza. Kwa hiyo "Lubumbashi wa kwanza".

Kibemba kilifikaje mjini? Reli ilitoka kusini, Rhodesia, ikafika Élisabethville mwaka uleule wa 1910, na wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Tena wenyeji wa kusini-mashariki mwa Katanga, kama Walamba, lugha zao ni jirani za Kibemba. Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya kambi na ya kazi baadaye, juu ya msingi ambao tayari una Kibemba ndani. Jina langu hapa, mukuba, ndiyo shaba kwa Kibemba.

Ulinganishe na Kinshasa. Wao wanasema "Kin kiesse", na kiesse (kiese) ni Kikongo, furaha. Mji unaoongea Kilingala umejisifu kwa Kikongo, mji unaoongea Kiswahili umejisifu kwa Kibemba. Mimi naona sifa ya mji hupenda lugha ya waliotangulia kuliko lugha ya sokoni.

Mutu_wa_Bakwanga 

Naleta ule mkubwa kuliko yote, "Article 15". Nchi nzima inausema, na hapa L'shi unausikia kwa wauza mafuta ya chupa, kwa wachimbaji, kwa walimu wasiolipwa. Maana yake: "débrouillez-vous", mjitafutie wenyewe.

Maelezo yanayorudiwa kuliko mengine ni haya. Agosti 1960 Albert Kalonji alitangaza Kasaï ya Kusini kuwa nchi, makao yake Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Wakimbizi Waluba wakamiminika huko kutoka Luluabourg, na baadaye kutoka kwetu Katanga, ambako 1961 makumi ya maelfu yao walikuwa kambini Élisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Nyumba hakuna, chakula hakuna. Walipolia msaada, jibu likawa: someni kifungu cha 15 cha katiba yetu, "débrouillez-vous".

Tuupime. Majina: hauna jina la kampuni wala pesa, kwa hiyo mtihani wa Fundi haushiki hapa. Lugha: Kifaransa kitupu, tena Kifaransa cha ofisi, "article" na namba. Ulizaliwa kati ya watu waliozoea kusomewa sheria. Mazingira: 1960 na 1961 kila mahali katiba zilikuwa zinaandikwa, na mzaha wa kifungu unachekesha pale tu vifungu viko midomoni mwa watu. Hivi viwili vinakubaliana na hadithi ya Bakwanga. Maneno ya kiongozi mwenyewe, hapana, hayo tusiyape alama za kunukuu.

Kosa moja linarudi sana: mtu anakwenda kutafuta kifungu hicho katika katiba za nchi. Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960, katiba ya Luluabourg ya 1964, ile ya 1967, ile ya 2006: hakuna inayomwambia raia ajitafutie. Kifungu cha 15 cha katiba ya 18 Februari 2006 kinazungumza juu ya wajibu wa serikali kukomesha ukatili wa kingono. Watu wa Kivu wanakijua kwa uchungu. Ukikutana na ujumbe unaosema "article 15 iko kabisa katika katiba, nenda usome", huyo hakusoma.

Cheminot_74 

Nina wasiwasi na hiyo. Wafaransa wana "système D", D ya débrouille, na wanajeshi na wakoloni waliisema kabla ya 1960. Labda sisi tuliiazima tu na kuibandika namba?

Mutu_wa_Bakwanga 

Neno débrouille, ndiyo, lilikuja na Wabelgiji, sibishi. Lakini asili ya neno na asili ya msemo ni vitu viwili. Kilicho chetu ni kifungu, yaani kuifanya serikali yenyewe iandike kwa sheria kwamba haitakusaidia. "Système D" ni werevu wa mtu binafsi, haina serikali ndani yake. Ondoa neno "article" katika wetu uone kinachobaki: ushauri wa kawaida wa mzazi.

Fundi_wa_Fishi 

Kuna mdogo wetu ameniuliza faraghani namna ya kukusanya, najibu hapa wote waone.

Chukua fishi, yaani kadi za karatasi, za sentimita 10 kwa 15, msemo mmoja fishi moja. Juu kabisa andika maneno kama yalivyotoka mdomoni. Usisanifishe. Akisema "njo", andika "njo", usiandike "ndiyo"; akisema "bantu", usiandike "watu". Chini yake: komini (Kenya, Katuba, Ruashi, Kamalondo, Kampemba, Lubumbashi, Annexe), umri wa msemaji kwa makumi, kazi yake, alimwambia nani, na kitu gani kilitokea dakika ile. Kipengele hiki cha mwisho ndicho watu wanaruka, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. "Gécamines njo baba" iliyosemwa mazishini na ileile iliyosemwa barazani kwa kucheka ni fishi mbili.

Tafuta watu wasiopungua 3 wasiokaa nyumba moja wala kusali kanisa moja. Mmoja awe mtu mzima aliyeuona mji kabla ya 1967. Usiwaulize "je, ni kweli ilitoka kwa fulani?", kwa sababu baba wa heshima atakubali ili asikuaibishe, na umeshaharibu ushahidi. Uliza: "Munasemaka hivi wakati gani? Na zamani mulisemaka namna gani?" Swali la pili ndilo linaloleta sura za kale.

Ukirekodi, omba ruhusa kwanza, na usizime mara msemo umeisha. Acha dakika 5 zaidi. Maelezo bora huja mtu akiona daftari limefungwa.

Kinachoharibu kazi kuliko yote siku hizi ni ujumbe wa kusambazwa. Watu 10 wakikupa maelezo sawasawa, neno kwa neno, hao si mashahidi 10, ni ujumbe mmoja. Mashahidi wa kweli hutofautiana kidogo.

Mama_Lengalenga 

Fundi, hapo kwa kuandika jinsi inavyosemwa nakuunga mkono kabisa. Tuna mfano mzuri wa 1965: André Yav na wenzake waliowahi kuwa maboi wa Wazungu waliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chao, bila kumwomba mtu awasahihishie. Kwa sababu hawakusanifisha, leo tunaweza kusikia mji ule ulivyoongea. Angekuja mwalimu akanyoosha kila sentensi, tungebaki na karatasi bila sauti.

Naleta neno la kutishia watoto: "Usitembee usiku, batumbula batakukamata." Kutumbula ni kupasua tumbo, jirani wa "kutumbua" ya Kiswahili sanifu. Enzi za ukoloni watu wa Katanga walisema wako watu wa Wazungu wanaokamata Waafrika usiku ili waliwe. Usilicheke kama ujinga. Miili ya watu ilikuwa inaliwa na mashimo na tanuru, na kazi ilikuwa inaleta faida ambayo hakuna aliyeeleza inakwenda wapi. Leo mama anaisema kumrudisha mtoto nyumbani saa moja jioni, na wala hafikirii migodi.

Leki_ya_Kampemba 

Bakubwa, na ile ya vifupi? MPR na zingine?

Cheminot_74 

Hiyo ni karakana nzima, na iko na utaratibu wake. Serikali inatoa kifupi, watu wanaacha herufi na kubadilisha maneno. MPR ilikuwa Mouvement populaire de la révolution, chama cha Mobutu cha 1967. Mtaani ikawa "mourir pour rien", kufa bure. SIDA (UKIMWI) ilipoingia miaka ya 1980 ikageuzwa "syndrome imaginaire pour décourager les amoureux", ugonjwa wa kubuni wa kuwavunja moyo wapendanao. Huo wa pili uliua watu, maana walioucheka walikataa kujikinga. Mzaha una kazi yake, na kazi nyingine ni mbaya.

Masharti ya kufaulu: herufi zote zitumike, hakuna kuongeza, maana mpya igeuze ile ya zamani chini juu, itamkike kwa pumzi moja. Kwa Kiswahili haifanyi kazi, kwa kuwa vifupi vyenyewe vilikuja na Kifaransa. Vilevile "Kin la belle", Kinshasa mrembo, ikawa "Kin la poubelle", jalala. Ni sauti inayochekesha, na ukiitafsiri inakufa hapohapo.

Tahadhari: si kila kifupi ni mzaha wa baadaye. "Abacost" kweli imetoka "à bas le costume", suti ianguke, lile koti la bila tai. Hapo hadithi ya mtaani na ukweli vinakutana.

Na maneno ya hotuba yanageuka pia. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza vyama vingi alisita, akasema "comprenez mon émotion". Kesho yake nchi nzima ilikuwa inamwiga. Msemo wa namna hii ndio rahisi kuliko yote kuutafutia asili, kwa maana una siku na saa.

Mukuba 

Mpira tusiusahau. Timu zetu mbili, Mazembe na Lupopo, zote ni za 1939. Lupopo inaitwa Cheminots kwa sababu ya watu wa reli, na Saint Éloi ni mtakatifu wa mafundi wa chuma, kwa hiyo jina na kazi vinaelekeana. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto, ikabeba jina la matairi, Englebert, na "Tout Puissant" ikaongezwa baada ya msimu wa 1966 ilipochukua kila kikombe. Mtu akisema "TP" ilitoka kwa ubingwa wa Afrika, mwambie ubingwa wa kwanza wa Afrika ni wa 1967, mwaka mmoja baadaye. Badiangwena, jina la utani la Mazembe, ina "ngwena" ndani, mamba kwa Kibemba, na mamba huyo yuko kwenye nembo akiuma mpira.

Mlinzi_wa_Uzi (msimamizi)

Nimeondoa maandiko matatu ya mizaha juu ya watu wa Kasai. Nawaeleza sababu, maana ni ya uzi huu huu. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, wakalala kwenye vituo vya gari moshi wakingoja mabehewa, wengi wakafa. Kabla ya kufukuzwa waliitwa "bilulu", wadudu. Neno lilitangulia, mikono ikafuata. Kwa utafiti, neno hilo liandikwe kwenye fishi pamoja na tarehe yake na kilichofuata. Kulirudisha kama kichekesho, hapana.

Mwana_wa_Kenya 

Sawa kabisa, mukubwa.

Mama_Lengalenga 

Bado mmoja: "Le pouvoir se mange entier", utawala unaliwa mzima. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliusikia hapa, akawauliza wachekeshaji wa kundi la Mufwankolo maana yake. Badala ya kumjibu kwa sentensi moja walitunga mchezo mzima wa kuigiza juu yake. Hiyo yenyewe ni somo kwa wakusanyaji: msemo mzito haujibiwi kwa "maana yake ni".

Mimi nauona una njia mbili. Moja: mfalme hagawi kiti. Mbili: aliyekula utawala amekula na mifupa yake, lawama, njaa ya watu, kesi za usiku; hawezi kuchagua mnofu tu. Ndani ya Kiswahili chetu "kula" inabeba zote mbili, kama vile "kula kiapo" si karamu. Angalia nani anausema. Akisema mwenye cheo, mara nyingi ni ya kwanza. Akisema mwanakijiji mbele ya mwenye cheo, ni ya pili.

Leki_ya_Kampemba 

Nimejaribu fishi yangu ya kwanza, munisahihishe. "Mai-Mai": maji. Wapiganaji wanasema risasi inageuka maji. Nimeandika asili yake 1996.

Mutu_wa_Bakwanga 

Rudisha nyuma, leki. Mwaka 1964 waasi wa mashariki walioitwa Simba walikuwa tayari wanapiga kelele "Mai Mulele!" wakienda vitani, kwa jina la Pierre Mulele, kiongozi wa waasi. Na dawa ya maji dhidi ya risasi ilikuwepo Tanganyika ya Wajerumani, vita ya Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Usiseme moja ilizaa nyingine, hilo linahitaji ushahidi wake. Andika tarehe tatu kwa mstari, uache nafasi kati yao. Ya 1996 ambayo ni salama ni "kadogo", watoto askari wa AFDL, waasi wa Laurent Kabila, walioingia Lubumbashi Aprili 1997. Hiyo ifanyie fishi yake.

Leki_ya_Kampemba 

Asante yaya. Nimefuta, nimeandika 1905, 1964, 1996, na nafasi katikati. Ya kadogo nitauliza kesho Ruashi, kwa bantu batatu.